Maziwa ya Punje

Jumanne, 7 Mei

Mke wangu,

Jana kwenye simu tulilia mpaka salio likakata, na sikumbuki hata neno moja tuliloambiana. Baadaye dada yako akanipigia, akasema ulipoiweka simu presha ilipanda tena na daktari wako amekataza usiishike. Basi tuandikiane. Kuna dereva wa hospitali yenu anayeleta vipimo vya damu huku kila siku ya kazi, yule mnayemwita Kobe kwa sababu hajawahi kulipita gari lolote barabarani. Nimeongea naye. Asubuhi atabeba ya kwako, jioni atarudi na ya kwangu.

Nianzie pale usipopakumbuka. Ulianguka mbele ya tanuri, mikate ikiwa ndani. Walisema ni kifafa cha mimba, na kwamba mtoto atolewe saa ileile au tuwapoteze wote wawili. Hospitali yenu haina mashine za watoto njiti, kwa hiyo wakampakia kwenye gari la wagonjwa, wakaniuliza, "Baba, unapanda au unabaki?" Wewe ulikuwa bado chumba cha upasuaji. Nilisimama pale nimeshika mlango wa gari. Dada yako akanisukuma mgongoni. "Panda shemeji. Huyu wangu nitakaa naye mimi." Nikapanda. Nilikuacha hujaamka, na sijui kama ni jambo la kusameheka.

Ni msichana. Ana masikio yako, yale madogo yaliyobana kichwani. Vidole ni virefu sana, atakuwa mchoraji kama baba yake, au mwizi. Ngozi ni nyembamba, ukimtazama kwenye mwanga unaona mishipa. Amelala ndani ya kioo chenye joto, ana mpira puani na nyaya kifuani, na juu yake kuna mashine inayopiga kelele kila akijinyoosha. Tunaruhusiwa kuingiza mkono kwenye tundu na kumgusa kwa kidole. Hanishiki, lakini hanikimbii.

Nesi mkuu ana miwani na hana utani. Nimeshanawishwa mikono mara nyingi kuliko maisha yangu yote, na kandambili walizonipa zinaishia katikati ya unyayo. Lakini yeye ndiye alipompokea mtoto alisema, "Karibu duniani, Punje." Ndilo jina tunalomwita mpaka tutakapokaa mimi na wewe tuchague la kuandikwa kwenye cheti.

Wanataka maziwa yako. Hata tone. Kobe atakuja na sanduku la barafu.

Mwenye bucha ananipigia simu. Nilishuka kwenye ngazi nikiwa nimemwandikia NYAMA SAF, na wateja wanamuuliza saf ni nyama gani. Atasubiri.

Baba Punje


Alhamisi, 9 Mei

Baba Punje,

Nimeliandika hilo jina kwa raha, ngoja nikuite tena. Baba Punje.

Ulifanya sawa kupanda. Ningeamka nikakukuta kando ya kitanda changu na yeye yuko peke yake na watu baki, ningekufukuza kwa ufagio. Usiniombe tena msamaha kwa hilo.

Wamenilaza wodi ya waliojifungua. Kila kitanda kina mtoto isipokuwa changu. Mtoto wa mtu akilia, kifua changu kinajibu, gauni linalowa, nami nageukia ukutani. Kuna mama mmoja aliniuliza, "Wako yuko wapi?" kama mtu aliyesahau mwavuli. Dada akamjibu, "Yuko kazini." Nilicheka mpaka mshono ukaniuma.

Maziwa ni hayo uliyoyaona. Yanafunika tu sehemu ya chini ya chupa. Dada ananikandakanda kwa kitambaa cha moto na kunisimanga kama mbuzi mgumu. Ni ya njano, usishangae, wanasema ya kwanza ndiyo dawa. Mwambie nesi wako asimwage hata tone.

Mimi naendelea vizuri. Mshono unapona, presha inapanda na kushuka. Mengine ni mazima.

Lakini kuna kitu nataka nikuulize, na unijibu. Asubuhi ile mpagazi alichelewa, nikabeba mwenyewe mfuko wa unga kutoka mlangoni mpaka kwenye meza. Ulishaniambia nisibebe. Sikumwambia mtu. Ni huo mfuko, sivyo? Kama unanilaumu, niambie. Nitavumilia lawama kuliko kunyamaziwa.

Sijawahi kumwona. Walinilaza usingizi nikiwa na tumbo, nikaamka sina. Niandikie kila kitu chake. Usinifiche, hata kikiwa kibaya.

Mama Punje


Ijumaa, 10 Mei

Shemeji,

Hii imo ndani ya gazeti alilofungiwa Kobe vitumbua vyake, ili mdogo wangu asiione. Kobe nimemwapisha.

Amekuambia mengine ni mazima. Si mazima. Usiku ule damu ilikataa kukatika, na ili kumwokoa wakamtoa kizazi. Daktari alimwambia mwenyewe Jumatatu, mimi nikiwa nimeshika mkono wake. Hakulia. Aliuliza, "Mume wangu anajua?" Daktari akasema hapana. Akasema, "Basi asijue kwa sasa. Ana mmoja huko wa kumshughulikia."

Kwa hiyo huyo Punje ndiye wa kwanza na ndiye wa mwisho. Nimeona ujue unachokilinda. Usimwonyeshe kwamba unajua, atasema nimemvua nguo mbele ya watu.

Mshono pia umeanza kutoa usaha, wanamchoma sindano asubuhi na jioni. Hawezi kusafiri, hata kwa kubebwa.

Mimi nimefunga saluni. Namsuka yeye. Ndiyo kazi iliyobaki.

Shemeji yako


Jumatatu, 13 Mei

Shemeji,

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye korido, kisha nikakaa chini sakafuni. Mfagizi akanipitia na ufagio wake bila kuniambia niondoke.

Sasa na mimi nikuambie ya huku, maana naona kila mtu amekabidhiwa siri ya mwenzake. Punje hapumui mwenyewe. Tangu Jumamosi mashine ndiyo inayompumulia. Tumbo limevimba na kubadilika rangi. Daktari amenichorea utumbo kwenye kipande cha karatasi, akasema sehemu imeanza kufa, na kwa ukubwa wake kumpasua ni hatari kuliko kungoja. Nilimwuliza, "Tukingoja atapona?" Akasema, "Tunangoja." Hilo ndilo jibu.

Maziwa wamesimamisha. Tumbo lake haliyawezi. Yale anayokamua mdogo wako kwa taabu yote ile yanaandikwa jina na kuwekwa kwenye friza. Hajanywa tangu Jumamosi. Nitamwambiaje? Kukamua ndiko kunakomwamsha asubuhi, wewe mwenyewe uliniambia kwenye simu.

Anataka nisimfiche. Lakini wewe umeniambia presha yake. Nimepima huku na huku, nimechagua kumficha. Kama ni kosa, liwe langu.

Shemeji yako


Jumatatu, 13 Mei

Mama Punje,

Punje anakusalimu kwa kidole cha kati, kwa sababu ndicho alichokinyoosha leo nilipomwambia barua yako imefika. Nakuomba samahani kwa niaba yake.

Anaendelea. Kuna siku nzuri na siku si nzuri sana, lakini wanasema watoto njiti wote ni hivyo, wanapanda ngazi mbili wanashuka moja. Wamemwongezea mashine moja ya kumsaidia pumzi ili asichoke, usiogope ukisikia. Maziwa yanafika yakiwa baridi vizuri. Nesi mwenye miwani ameziona chupa za Ijumaa akasema, "Huyu mama ana bidii." Kwa huyu nesi, hiyo ni sherehe.

Amenigombeza tena. Nilikuwa nimeegemea kioo, akasema kioo si ukuta wa baa. Nikanawa mikono upya kwa aibu tu.

Umetaka kila kitu chake. Ana vinyweleo mpaka kwenye mabega, laini, kama vumbi la mkaa. Nyusi bado hazijaja. Anapolala hukunja paji la uso kama mtu anayepiga hesabu. Unyayo wake ni mrefu kama kidole gumba changu, nimepima.

Kula. Lala. Mtii dada yako.

Baba Punje


Jumatano, 15 Mei

Baba Punje,

Leo nimejaza chupa nne. Nne. Dada ameziweka kwenye meza kama vikombe vya mashindano na kuwaita manesi waje waone. Yule mama wa kitanda cha pili, aliyeniuliza wangu yuko wapi, alipiga makofi. Nimemsamehe.

Nimeanza kumpangia. Kile chumba cha nyuma cha stoo ya unga tutakitoa mifuko, ukutani utamchorea herufi zote, kubwa, kwa rangi uliyobakiwa nayo. Nataka ajue kusoma kabla hajajua kutembea, awe anasahihisha mabango yako. Usiku wa jana nililala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza, nikaota namkanda kama unga na anacheka.

Ila hukunijibu kuhusu ule mfuko. Nimeisoma barua yako mbele na nyuma, nikatafuta hata kwenye bahasha. Umeniandikia nyusi, umeniandikia unyayo, ukaruka hapo. Nimeelewa. Mtu asiyetaka kusema uongo hunyamaza. Sikulaumu kwa kunilaumu. Ila nilitamani unigombeze waziwazi, kama nesi wako.

Mpe maziwa yake. Mwambie yametoka kwa mtu anayemjua, ingawa hawajaonana.

Mama Punje


Alhamisi, 16 Mei

Shemeji,

Punje amefariki jana, mchana.

Nakuandikia wewe kwa sababu mkono unakataa kumwandikia mwenyewe.

Kobe alikuwa ametoka kunipa sanduku. Niliingia nalo mpaka mlangoni nikiwa nimeshasoma habari za zile chupa nne, nikiwa na maneno ya kumwambia Punje kuhusu herufi za ukutani. Nesi mwenye miwani alikuja akanipokea sanduku. Hakuniambia ninawe. Hapo ndipo nilipojua.

Akasema, "Baba Punje, kaa."

Nikamwambia, "Nitakaa ukishaniambia."

Akasema, "Moyo wake unachoka. Tumefanya tunachoweza. Kama unataka kumpakata, ni sasa."

Walimtoa kwenye kioo. Walimfungua nyaya moja moja, ila ule mpira wa pumzi waliuacha kwanza. Nilivua shati wakamweka hapa kifuani. Shemeji, hana uzito. Nimebeba brashi nzito kuliko yeye. Lakini alikuwa wa moto, na alikunja paji lile, na mkono wake ukaangukia kwenye shingo yangu ukakaa. Nilimwambia jina la mama yake. Nilimwambia mama anaoka mikate na kwamba nyumba nzima inanukia asubuhi. Sikujua kingine cha kumwambia. Baadaye nesi aliweka kipimo chake, akasikiliza, akatoa miwani akaifuta.

Yuko mochwari ya hapa. Sitamzika mpaka mama yake amwone. Hajamwona hata mara moja, shemeji. Siwezi kumwandikia mtu kwamba mtoto asiyemwona ameshafukiwa.

Nakuomba usimwambie. Daktari wake akisema anaweza kusafiri nitakuja kumchukua mwenyewe, nimwambie uso kwa uso. Mpaka hapo, maziwa yaendelee kuja. Akiambiwa aache kukamua atauliza kwa nini.

Shemeji yako


Ijumaa, 17 Mei

Mke wangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Huku hali ni njema. Mtoto anaendelea vizuri, amelala vizuri na wauguzi wote wanamhudumia kwa upendo. Maziwa yamefika na tunashukuru sana. Daktari ameridhika na maendeleo ya mtoto.

Kuhusu mfuko wa unga, samahani kwa kuchelewa kukujibu. Nilimwuliza daktari. Amesema kifafa cha mimba hakitokani na kubeba mzigo, hata ungelala kitandani miezi yote kingekuja. Hukufanya kosa lolote. Sikukulaumu hata siku moja. Naomba uliamini hilo hata kama hutaamini jambo lingine.

Wewe jali afya yako tu. Mtoto yuko mikono salama.

Mumeo


Jumatatu, 20 Mei

Shemeji,

Sikuwezi na hili jambo siliwezi. Umeniomba nibebe kaa la moto kwa mikono mitupu.

Asubuhi anakamua, ananipa chupa, anasema, "Funga vizuri Dada, ya jana kifuniko kililegea." Nafunga. Naweka barafu. Nampelekea Kobe. Kobe anajua, alimwona nesi wako akilia. Zamani alikuwa akifika chini ya dirisha letu anapiga honi na kuita, "Mama Punje, mzigo uko tayari?" Sasa anakaa garini ananingoja, anatazama usukani.

Nimemwambia Baba peke yake, sikuweza kukaa nalo mwenyewe. Amesema mtoto azikwe, maiti ya mtoto haikai, na kwamba wewe ni baba, ukate shauri. Mjomba wetu mmoja naye kashajua, sijui kwa njia gani, na anasema mambo ya kungoja mwanamke apone si utaratibu. Nimewaambia wakuulize wewe. Watakupigia, jiandae.

Mwandikie ukweli. Mimi ni msusi, shemeji, kazi yangu ni kusimama nyuma ya watu. Siwezi kumtazama huyu usoni siku nzima.

Dada wa mkeo


Jumanne, 21 Mei

Mume wangu,

Punje amekufa lini?

Usiogope kujibu. Presha yangu wameipima asubuhi hii baada ya mimi kuandika huo mstari wa juu, na imepanda kama kawaida yake, haijapasua kitu.

Barua yako ya Ijumaa niliisoma mara moja tu. Ni ya mtu anayemwandikia meneja wa benki. Vizuri, vizuri, vizuri. Nesi wako hakukugombeza. Kandambili hazikukubana. Hakuna nyusi wala unyayo. Na barua nzima hukuandika jina lake, umeandika mtoto, mtoto, kama mtoto wa jirani. Kisha ukasaini Mumeo. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe hata hukuanza kutembea.

Dada sijamwuliza. Ananisuka, anafumua, ananisuka tena mtindo uleule. Kichwa kinaniuma, sijamwambia aache.

Kwa hiyo najua tangu Ijumaa jioni. Na Jumatatu nilikamua nikijua. Na leo pia. Nitakuambia kwa nini, maana nimejiuliza mwenyewe. Kila nikishika chupa kulikuwa na mtu wa kumpelekea. Nikiacha, ni mimi nitakayekuwa nimemzika, kwa mkono wangu, hapa kitandani, bila hata udongo. Basi nikasema acha akae siku moja zaidi. Kisha siku nyingine.

Umenionea, ujue. Nilikuomba usinifiche hata kikiwa kibaya. Umelia peke yako huko, umeninyima kilio changu. Kilio cha mtoto si kitu cha mtu mmoja kumbebea mwenzake.

Na mimi nimekuficha. Walinitoa kizazi usiku uleule. Hakutakuwa na mwingine. Nilitaka nikuambie siku utakayokuwa umempakata, ili uwe na kitu mkononi wakati unalisikia.

Niambie amezikwa wapi. Na uniambie maziwa yangu yalikwenda wapi.

Mama Punje. Hilo jina halikufa, usilifute.


Jumatano, 22 Mei

Mama Punje,

Alifariki Jumatano iliyopita mchana, kifuani kwangu, baada ya kuchoka sana. Utumbo uliharibika. Nitakusimulia yote kwa mdomo, siwezi tena kuandika kitu kizuri.

Hajazikwa. Yuko mochwari. Baba yako alipiga simu, mjomba wenu akapiga, watu wa mochwari nao wananiuliza kila asubuhi. Nimewaambia wote kwamba mama yake hajamwona. Mjomba akasema, "Atamwona nini, maiti?" Nikamkatia simu. Atanidai heshima baadaye.

Kizazi nilijua. Dada yako aliniambia zamani, usimgombeze. Tulikuwa watu watatu, kila mmoja akimlinda mwenzake, na katikati yetu hakuna aliyelindwa.

Maziwa. Nimekaa na kalamu hapa muda mrefu.

Tangu ile Jumamosi ya kwanza hakuyanywa, tumbo lilikataa. Yaliwekwa kwenye friza. Alipofariki, nesi mwenye miwani alikuja akanikalisha. Kuna mtoto kwenye kioo cha dirishani, mdogo kama Punje, mama yake alifia njiani wakimleta. Wanampa maziwa ya kopo na hayamkai. Nesi akasema, "Mkeo alishapimwa damu, yuko safi. Akikubali kwa maandishi, haya yatamfaa yule. Mwombe." Nikasema nitamwomba.

Sikukuomba. Ningekuombaje bila kukuambia? Nesi akaniuliza Ijumaa, nikasema barua iko njiani. Akaniuliza Jumatatu, nikasema bado. Friza likajaa, wakasema niyatoe, wanahitaji nafasi. Nesi akataka kunisaidia kuyamwaga, nikamwambia hapana. Nimeyamwaga mwenyewe, kwenye sinki la korido, chupa baada ya chupa, pamoja na zile nne. Mtoto yule alikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa namsikia.

Kwa hiyo si kukuficha tu. Nimemwaga chakula cha mtoto mwenye njaa ili niendelee kukudanganya, na hata kukudanganya sikuweza. Sijui nikuombe nini. Sikuombi kitu.

Baba Punje


Alhamisi, 23 Mei

Baba Punje,

Barua yako nimeisoma kwa sauti, mbele ya Dada. Nilipofika pale pa sinki akatoka nje. Mimi nilimaliza.

Nina hasira na wewe ambayo haitaisha leo. Nitakuja nayo, na nitaishi nayo, na wewe utaishi nayo pia, kwenye nyumba ileile. Usinijibu kwa unyonge. Nikikugombeza uwe na nguvu ya kusimama.

Daktari amesema nisisafiri. Nimemsikia. Ameandika kwamba amenionya, nikasaini. Kobe ametandika godoro nyuma, kando ya vipimo vyake, na Dada atakaa nami kunishika kwenye mashimo. Tunaondoka akishamaliza kupakia, kwa hiyo barua hii itafika mkononi mwako nikiwa nyuma yake. Ameahidi kukuletea yeye kwanza mpaka kwenye korido, kisha ndipo afungue mlango wa gari. Nataka uwe umeshaisoma utakaponiona, ili tusianze na maneno.

Leo zimejaa chupa tano. Sijui mwili unafikiri nini. Hii hapa chini ni ruhusa, mpe nesi mwenye miwani sasa hivi, kabla hujatoka nje:

Mimi, mama yake Punje, nakubali maziwa yangu yote, ya leo na yatakayofuata mpaka yatakapokauka yenyewe, apewe mtoto wa dirishani. Nimeandika kwa akili zangu timamu. Na nimetia saini.

Usiniambie mtoto huyo ni wa kike au wa kiume. Sitaki kumwona. Labda siku nyingine, labda nisitake kamwe. Anywe tu.

Baba na Mjomba nimewaambia mazishi ni kesho, huko huko, na kwamba atakayetaka kuzungumzia utaratibu azungumze na mimi. Waambie watu wa mochwari wamtoe mapema wasimlete na ubaridi ule. Nataka kumpakata. Najua hatakuwa wa moto, usinionye.

Nitajitahidi nisilie njiani. Kobe ni mwepesi wa machozi, na barabara yenyewe ina kona nyingi.

Mama Punje